Shukrani kwa Mfugaji wa Nyarero

Nyumba ya Wasichana Nyansurura,
Wilaya ya Serengeti.
3 Juni 2024

Kwa Mfugaji wa Nyarero,
Kwa mkono wa Nice, mwenye duka, Nyamongo.

Ndugu Mfugaji,

YAH: SHUKRANI ZA DHATI KWA MCHANGO WAKO

Kwa niaba ya uongozi, walezi na wasichana wote wa Nyumba yetu, nachukua nafasi hii kukushukuru kwa upendo uliotuonyesha kwenye harambee ya ujenzi wa bweni. Lengo limefikiwa na kupitwa. Dume ulilotoa liliuzwa mnadani siku ile ile, na mabati yanayong'aa juu ya bweni letu leo ni jasho lako. Dada Nice aliyelileta alituambia hutaki jina lako litajwe, nasi tumeliheshimu hilo. Hata mimi ninayekuandikia sikufahamu.

Huenda unajiuliza: mchango wangu umemsaidia nani? Naomba nikusimulie habari za msichana mmoja, tumwite R. Msimu wa tohara uliopita, Desemba 2022, R. alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake mzazi alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa mzee wa rika lake. Alfajiri moja R. alitoroka ili asikeketwe. Baba yake akamfukuza na panga mkononi, akiapa kwamba heri amzike kuliko kumwona anaaibisha ukoo. Kwa neema ya Mungu alifika kwetu, na leo yuko kidato cha pili. Amegoma kabisa kurudi kwa baba huyo, nasi hatumlaumu. Analala salama kwa sababu yako.

Nimeambatanisha picha yake akiwa amegeuka, ili sura isionekane. Tarehe 24 Agosti tutakuwa na Siku ya Shukrani. Wasichana wataonyesha igizo, na kila mfadhili atavishwa mgolole na kukabidhiwa cheti. Njoo uone matunda ya mkono wako.

Wako katika kumlinda mtoto wa kike,
Honoratha Kaijage
Afisa Mahusiano


Nyarero
9 Juni 2024

Shemeji Nice,

Barua uliyompa yule wa bodaboda imefika. Nimeisoma nyuma ya zizi, nikaisoma tena, nikataka kuila.

Huyo R. ni Robi. Huyo baba wa panga ni mimi.

Wananishukuru, Nice! Wananishukuru kwa kumwokoa mtoto wangu kutoka kwangu. Na picha wameweka. Wanasema wameficha sura, wameficha nini sasa? Amevaa ile sweta ya kijani aliyoifuma marehemu dada yako, na amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuegemeza gotini kama alivyokuwa akisimama machungani. Hata wangemfunika gunia ningemjua.

Ng'ombe wa mahari walitoka wapi? Nani alinipa? Walikuwa wa rangi gani? Lakini panga ni kweli, na wewe unajua ukweli wake. Wewe ndiye uliyemsubiri barabarani alfajiri ile, kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia umwite atoroke, umsubiri. Nikashika panga, nikapiga yowe kwamba mtoto amekimbilia Kenya, nikamburuza kaka Magige na wenzake wote waliotaka akeketwe mpaka karibu na Sirari mpakani, kinyume kabisa na alikokwenda. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilitaka kila mtu aamini. Robi alikuwa bado kwenye shamba la muhogo akinichungulia, akaamini na yeye. Hilo sikulipigia hesabu.

Na siwezi kusema. Ghati mdogo wake ana miaka kumi na miwili, na Desemba hii ndiyo msimu. Magige akijua nilichofanya kwa Robi hataniachia nafasi ya kukifanya kwa Ghati. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kusimama kikaoni. Kaka yangu akinitazama tu, ulimi unakuwa kama jiwe. Hilo dume nilitoa kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpelekea mtoto.

Basi nyamaza kama ulivyonyamaza. Na waambie hao watu wasiniandikie tena.

Shemeji yako,
Heche


Nyamongo
12 Juni 2024

Shemeji, shikamoo.

Kwanza usile barua, utaumwa tumbo, na mimi dukani sina dawa. Nina koleo, mabuti na vocha za wachimbaji tu.

Pili, nimechoka. Kila nikienda kumwona, Robi ananiuliza, mama mdogo, ile nauli ya bodaboda alitoa nani? Namwambia Mungu. Mungu gani huyo anayelipa bodaboda ya Nyamongo asubuhi bila kupunguziwa? Mtoto si mjinga, anajua namficha kitu, ila anadhani namficha mwanamke mwenzangu fulani mwenye huruma. Kwamba ni wewe, haimwingii kabisa. Wewe kwake ni panga lenye miguu.

Mimi nakuelewa kuhusu Ghati. Lakini shemeji, umejificha vizuri mno. Kuna kujificha kwa adui, na kuna kujificha mpaka mtoto wako mwenyewe hakupati. Dada yangu angekuwa hai angekushika sikio.

Nenda hiyo tarehe ishirini na nne. Kaa nyuma. Usiseme kitu kama huwezi kusema, lakini umwone. Magige akiuliza, sema umekuja kwangu kuchukua mabuti.

Nice


Nyarero
20 Juni 2024

Madam Honoratha,

Barua nimeipata. Asante kwa kunishukuru.

Cheti sitaki, kwangu hakuna ukuta wa kukitundika. Mgolole ninao. Ila nauliza. Huyo baba wa R., mliwahi kumuuliza? Na hao ng'ombe wa mahari, uliwaona kwa macho? Sisi huku ng'ombe akitajwa tunauliza wa rangi gani na alipita njia ipi. Kama hukuwaona, iondoe hiyo sehemu kabla hujawatumia watu wengine.

Sina maneno mengi.

Mfugaji wa Nyarero


Nyansurura
2 Julai 2024

Mzee wangu, shikamoo.

Nakuita mzee kwa kuuona mwandiko wako, unisamehe kama nimekosea. Barua yako imenigusa. Natamani wababa wote wa Tarime wangekuwa na moyo huu wa huruma, hata kwa mtu asiyestahili.

Kuhusu ng'ombe, R. hakulisema hilo moja kwa moja. Lakini nimekaa Mara miaka sasa, na habari hizi mzee wangu zinafanana mno. Ukishaijua moja umezijua nyingi. Kuhusu kumuuliza baba, aliitwa ofisi ya ustawi wa jamii zaidi ya mara moja, aje asaini ahadi ya kutomkeketa binti ili amchukue. Hakutokea. Mtu asiye na hatia angetokea. Na barua zilishatoka zote, wafadhili wa Mwanza na Dar es Salaam wameniandikia kwamba wamelia.

Usikose tarehe 24. Hatutataja jina lako, nakuahidi. Na utamwona R. mwenyewe kwenye igizo. Ndiye anayecheza baba! Ana kipaji cha ajabu, akianza kukohoa na kutembea kama huyo mzee wake tunacheka mpaka machozi.

Wako,
Honoratha


Nyansurura
25 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo kwa sababu matroni anasoma barua zetu kabla hazijatumwa.

Jana nilikuona. Ulikaa nyuma karibu na wapishi, kofia ya babu umeishusha mpaka machoni. Nilikuona nikiwa katikati ya igizo, nimevaa koti, nimeshika panga la mbao. Kikohozi chako nilikuwa nimeshakikohoa na watu walikuwa wameshacheka. Nilikuwa nimebakiza kusema "Heri nikuzike!" Nikakutazama. Nikayasema. Niliyasema kwa nguvu kuliko siku zote za mazoezi. Watu wakapiga makofi, na wewe ukapiga. Kwa nini ulipiga makofi?

Nani alikualika? Ile siku ilikuwa ya wafadhili. Ulikuja kuchungulia ninapolala? Ulipoitwa ustawi wa jamii hukuja. Nilivaa viatu vya kuazima nikakaa pale kwenye benchi nikingoja, ingawa nilikuwa nimeapa kwamba ukija sitakusalimia. Hukuja. Halafu unakuja kwenye sherehe.

Na umetuharibia. Walipomwita Mfugaji wa Nyarero achukue cheti, hakutokea mtu. Madam Honoratha akabaki amekishika kama aliyeachwa na basi. Pengine huyo mzee alikuwepo, akakuona, akaona aibu kukaa na wewe, akaondoka zake. Niliona aibu kwa niaba ya Nyarero nzima.

Usije tena. Na Desemba usimguse Ghati. Hilo naliandika bila kulazimishwa na matroni. Nakuomba, usimguse Ghati.

Robi


Nyarero
1 Septemba 2024

Mwanangu Robi,

Marahaba, hata kama ni ya matroni.

Nilipiga makofi kwa sababu ulicheza vizuri. Kikohozi ni chenyewe. Kutembea ni kwenyewe, mpaka hili bega langu la kushoto lililoshuka. Sikujua kwamba ulikuwa unaniangalia hivyo. Sikuja kukuchukua. Nilitaka kuona umekuwa mrefu kiasi gani.

Kuna maneno mengine ila si ya kuandika mahali matroni anasoma.

Sweta imekuwa fupi mikononi. Mwambie mama mdogo wako akutafutie nyingine. Kuhusu Ghati nimesikia.

Baba yako


Nyansurura
10 Oktoba 2024

Mzee Mfugaji, shikamoo.

Tulikukosa Siku ya Shukrani, nikaumia. Lakini usidhani utaponyoka bila kushukuriwa! Pokea kalenda yetu ya mwaka 2025.

Nilijiuliza sana niweke nini ukurasa wa mbele. Sura za wasichana haziruhusiwi. Jina lako ulilikataa. Ndipo nikakumbuka nilimpiga picha dume wako siku ya harambee kabla hajauzwa. Tazama alivyopendeza! Mweusi, baka jeupe shingoni, na ile pembe moja iliyojikunja kuelekea jichoni. Chini tumeandika tu: Asante, Mfugaji wa Nyarero. Hakuna atakayejua ni nani.

Tumezigawa ofisi za kata, makanisani, zahanati, na maduka ya mnadani Tarime na Serengeti yote.

Kwa heshima,
Honoratha


Nyarero
16 Oktoba 2024

Nice,

Tumekwisha.

Magige amekuja na kalenda ameikunjia kwapani. Hakunisalimia. Ameitandaza mezani, akaweka kidole juu ya pembe. "Huyu ni wa nani?" Aisee, kana kwamba kuna mtu Nyarero asiyemjua yule dume. Watoto wa shule wanamjua, wamechunga naye. Yule Madam kaficha jina langu, kaficha uso wa mtoto, halafu kaenda kuweka uso wa ng'ombe! Labda kwao Bukoba watu wanatambuana kwa migomba.

Nikakana. Nikasema nilimuuza mnadani mwezi wa tano, aliyemnunua simjui, labda ndiye aliyemtoa. Magige akacheka. Akasema, "Vizuri. Basi hatuna ubaya. Desemba Ghati atatangulia mbele ya wote, watu waone nyumba hii iko upande gani." Halafu akanitazama.

Nikasema sawa.

Nice, nimesema sawa. Ghati alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji. Amenisikia. Tangu pale hasemi na mimi. Analeta chakula, anaweka, anaondoka. Na nyumba inatazamwa, mke wa Magige amehamia jikoni kwangu eti anamsaidia mtoto kupika. Siwezi kumtoa alfajiri tena.

Lile panga la mwaka ule lilikuwa maigizo. Hii sawa niliyoisema leo si maigizo. Sasa ndiyo nimekuwa yule baba wa kwenye barua yao, hawakunisingizia, walitangulia tu. Nasikia aibu mpaka nashindwa kutazama ng'ombe.

Heche


Nyansurura
19 Oktoba 2024

Tata,

Shikamoo. Barua hii matroni hajaisoma, anaibeba mama mdogo, ndiyo maana nakuita Tata, baba, kama nyumbani.

Niliiona kalenda imetundikwa bwaloni. Wenzangu wakasema, ng'ombe mzuri huyo. Mimi nikasimama na sahani yangu mpaka maharage yakapoa. Yule ni Bahati. Ni ndama niliyemnyonyesha kwa chupa mama yake alipokufa. Niliyekuwa namfunga kamba kwenye pembe mpaka ikaota vibaya, ukanichapa kwa hilo, ukasema nimekuharibia dume.

Mama mdogo alipokuja jana nikamwonyesha. Akalia kwanza. Halafu akanieleza yote: nani alimwambia anisubiri barabarani, nani alitoa nauli, kwa nini yowe lilielekea Sirari. Mimi nilikuwa kwenye muhogo, Tata. Niliona panga. Sikuangalia ulikokwenda nalo.

Na nikakuigiza. Tumealikwa na igizo letu mpaka Mugumu mjini, watu wasiokujua wamekicheka kikohozi chako. Na ile siku nikakutolea yale maneno machoni, na wewe ulikuwa mgeni wa heshima. Cheti kilikuwa chako. Naona aibu mpaka siwezi kuingia bwaloni, yule ng'ombe ananitazama.

Lakini nina hasira pia, nisikudanganye. Miaka miwili! Mstari mmoja ungetosha, hata usio na jina. Umeniokoa kwa siri, umenipenda kwa siri, umekuja kunitazama kwa siri. Mimi ningefanyaje nijue?

Mama mdogo ameniambia na ulichomjibu baba mkubwa Magige. Tata, mimi nilikuwa na shamba la muhogo la kujificha. Ghati hana. Wote wanamtazama yeye na wanakutazama wewe. Safari hii ukitaka kumtoa itabidi watu waone.

Binti yako,
Robi


Nyansurura
20 Oktoba 2024

Baba Robi, shikamoo.

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Kazi yangu ni kuandika barua, na hii imenishinda. Robi ameniambia wewe ni nani.

Wale ng'ombe wa mahari niliwatunga mimi. Robi aliniambia, "Baba alikuwa na panga." Nikamuuliza, na mahari je? Akasema hajui. Nikaandika kwamba ilishapokelewa. Na yale maneno ya heri amzike ni yangu pia, nikampa Robi ayaseme kwenye igizo, mtoto akakubali kwa sababu mimi ndiye madam na mimi ndiye niliyemnunulia viatu. Nilijua mtu wa mbali akisoma vile atafungua pochi. Walifungua. Nilipongezwa mbele ya bodi nikasimama nikatabasamu.

Uliniuliza mwezi wa Juni kama niliwaona ng'ombe hao kwa macho. Ulikuwa unaniuliza kuhusu wewe mwenyewe, na mimi nikakujibu kwa mahubiri. Nikakualika ukae mbele utazame unavyotukanwa, kisha tukuvishe mgolole. Nikikumbuka nilivyoandika "mtu asiyestahili" nataka ardhi inimeze.

Halafu kalenda. Nimetoka Muleba, nimekaa huku miaka, na sikuwahi kujifunza kwamba kwenu dume ni sawa na jina la mtu. Nimezungukia maduka nikizikusanya, lakini watu wanazipenda, wengine wamekataa kuzitoa.

Niruhusu niwaandikie wafadhili wote ukweli. Na niruhusu nije na ustawi wa jamii na polisi tumchukue Ghati kabla ya Desemba. Sheria iko upande wetu. Lakini sitasogea mpaka wewe useme, nimeshakusemea vya kutosha.

Naomba radhi.
Honoratha Kaijage


Nyarero
23 Oktoba 2024

Madam Honoratha,

Polisi usilete. Gari likija hapa watu watasema serikali imemnyang'anya Heche mtoto, na mimi nitatikisa kichwa pamoja nao. Nitakuwa nimepata tena pa kujificha.

Jumamosi ni siku ya mnada. Mwambie Robi nitapita katikati.

Heche


Nyansurura
4 Novemba 2024

Baba Robi, shikamoo.

Ghati anaendelea vizuri. Amepewa kitanda karibu na dada yake. Uliponiletea mwenyewe mkono kwa mkono hukutaka kuketi wala kunywa chai, ukasema tu "huyu hapa." Mengine amenieleza Nice, aliyewafuata nyuma siku ile. Ameniambia mlivyokatiza mnadani saa watu wamejaa, wewe umemshika Ghati mkono huu, na mkono huu kalenda. Kaka yako Magige alisimama njiani. Nice anasema ulikohoa kwanza, akadhani umeshindwa. Ndipo ukasema mbele ya wote, "Dume ni langu. Robi nilimtoa mimi. Na huyu nampeleka." Anasema hakuna aliyekugusa. Waligeuka tu, mmoja mmoja, wakakupa migongo, hata wa rika lako, nawe ukapita katikati ya migongo hiyo.

Ile barua kwa wafadhili nimeiandika. Isome. Kama kuna neno si kweli, likate kabla haijatoka.

"Ndugu wafadhili, mwezi wa Juni tuliwaandikia habari za msichana R. na baba yake. Habari zile hazikuwa kweli. Hapakuwa na ng'ombe wa mahari. Panga lilikuwepo, lakini baba alilibeba ili awapoteze njia waliotaka kumkamata binti yake. Maneno mliyoambiwa aliyasema, niliyatunga mimi, Honoratha Kaijage, ili mtoe zaidi. Dume aliye kwenye kalenda ni wake. Ni Heche Nyangwine wa Nyarero, baba jasiri, ambaye tulimshukuru kwa kumtukana. Anayetaka kurudishiwa mchango wake kwa sababu ya uongo huu, aniandikie mimi."

Bodi imesoma. Sijui kama mwakani nitakuwa bado hapa.

Honoratha


Nyarero
9 Novemba 2024

Madam Honoratha,

Nimeisoma barua. Yote ni kweli isipokuwa neno moja. Kata hilo jasiri. Mtu jasiri angesimama Desemba ile ya kwanza, na Robi asingelala kwenye muhogo akinitazama. Na Ghati asingesikia ile sawa. Andika baba, inatosha.

Huku ni kimya. Joshoni, tunapoogesha ng'ombe, wangu wanaingia wa mwisho, na hakuna anayenishikia lango. Magige ameondoa kigoda chake kwangu, kile alichokuwa anakalia tangu baba yetu akiwa hai. Si kwamba siumii. Lakini mkono wa kushika kalenda nilikuwa nao siku zote, nilichelewa tu kuunyanyua.

Mwambie Robi igizo wasiliache. Achekeshe watu na kikohozi, mimi sina neno. Ila akishika panga aelekee Sirari.

Cheti chako kile nipe, ila kiwe na jina. Ukuta nitautafuta.

Ghati nilimuaga pale getini akatazama viatu vyake, hakunijibu. Ni haki yake. Msimlazimishe aniandikie, na matroni asimwandikishe shikamoo. Siku akitaka mwenyewe, Nice anajua njia.

Heche Nyangwine,
Nyarero